Kinga ya Miguu ya Maganga

Benchi la Khatibu, muuza kahawa, lilikuwa ubao juu ya madebe mawili mbele ya duka la ushirika pale Bariadi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na siasa ilikuwa kilimo, ila wenye benchi hawakuwa na haraka na jembe. Jioni ile waliketi wazima watatu na mbovu mmoja. Mbovu ni Maganga, winga wa timu ya mtaa, aliyevunjika mguu kwenye mechi na Lalago. Alikuja kwa jambo moja tu: kumwomba Athanasi, Balozi wa nyumba kumi, asimwite mvivu mkutanoni, maana ukanda wake, kipande alichopewa katika shamba la pamoja la bega kwa bega, hautalimwa mwaka huu. Hakupata nafasi. Walikuwa wanaujadili mguu wake, naye kakaa hapo hapo.

— Kosa ni viatu vya kuazima, alisema Gharib, muuza khanga. Walimwita Refa kwa kuwa aliamua kila ugomvi bila kuulizwa. — Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Huyu ana bahati, kavunjika tu.

— Viatu gani? Nilicheza pekupeku.

— Si unaona! Ungeazima, ungepona.

— Nilitumbukia shimoni, Maganga alisema. Pale pembeni, karibu na kibendera.

Hakuna aliyemsikia. Salimu, wa tatu benchini, alikuwa ameshaanza, na Salimu waliyemwita Redio alitangaza tu, hakupokea.

— Ulaya wanavaa ngao za ugoko. Sisi tuna pamba! Tangu huyu avunjike, vijana wote wanashindilia pamba kwenye soksi. Juzi Marcelo kacheza na kama kilo nzima.

— Alifunga? aliuliza Refa.

— Afunge vipi, hata kukimbia hakuweza. Lakini hakuvunjika, gete!

Balozi akaweka kikombe chini.

— Mnaharibu zao la taifa bure. Kinga tulikuwa nayo. Kamati tulimleta mfumu, mganga hasa, tukachimbia dawa ya miguu uwanjani. Akasema shimo lisishindiliwe udongo, dawa ipumue. Tukalifunika kwa nyasi Lalago wasilione. Sasa na wao walikuja na yao. Wahenga walisema nini? Kinga na kinga ndipo moto uwakapo! Zikakutana, moto ukawaka, mguu wa kijana huyu, nyanda wetu, ukaungua.

— Ukavunjika, alisema Maganga.

— Ni yale yale.

Maganga aliutazama mguu wake. Alikumbuka nyasi. Alipoanguka alizikuta zimembana ugokoni, nyasi kavu za kukatwa, na akajiuliza zimetoka wapi. Alitaka kuwaambia, lakini alimhitaji Balozi.

— Basi mechi ya Jumamosi tuchimbie mbili, Refa aliamua.

— Tatu, alisema Redio. Mbili za mawinga, moja golini. Na zipumue vizuri.

— Balozi, kuhusu ukanda wangu...

— Subiri, nyanda. Tunazungumzia usalama wenu.

Wakati huo Kwandu, mke wa Maganga, alikuwa ameshafika, akikokota baiskeli ya kumchukua mumewe. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi tangu kwenye habari za mfumu, akisubiri wanaume wamalize. Alikunja magoti kidogo, akasalimu.

— Mwadila.

— Mwadila, mama.

— Samahani, shemeji zangu, nina swali moja. Hiyo dawa ya miguu mliichimbia wapi?

Refa alitazama ndani ya kikombe chake. Redio ilizimika. Balozi akamgeukia Khatibu.

— Ongeza kahawa.

Khatibu aliinamisha buli lote. Likatoa matone mawili ya masimbi, makapi matupu ya kahawa.

— Imekwisha, Balozi.

Kwandu hakurudia swali. Aliegemeza baiskeli ubavuni mwa mumewe, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akampandisha kwenye kiti cha nyuma. Maganga alimtazama Balozi usoni, kwa mara ya kwanza jioni ile, akangoja. Walipoanza kuondoka ndipo Balozi alipokohoa.

— Na ule ukanda wako, Maganga, ulimwe. Usitie doa shamba la watu. Mengine tumwachie Mungu, ajali haina kinga.