Mstari wa Octave

Benchi letu liko kona ya njia ya Kabambare, mkabala na garaji, na nililipigilia misumari mimi mwenyewe, Grégoire seremala, kwa hiyo asiyelipenda akakae chini. Mwaka ni wa hamsini na nne. Kila siku baada ya sala ya alasiri Abdallah hutua hapo na birika lake la kahawa, na sisi tunaanza kugombana. Wa kwanza kufika ni Moustapha, tunayemwita Kilometa kwa sababu aliwahi kupanda lori mpaka Stanleyville na tangu siku hiyo hapimi kitu kwa kipimo kingine. Wa pili ni Lukumani Masuwa, aliyekuwa akitia kuni kwenye masuwa, zile meli za moshi za mto Lualaba, na mpaka leo akisikia chombo kinalia lazima akiige kwa koo. Siku ile Octave, fundi wa garaji, alivuka barabara na kikopo cha rangi nyekundu mkononi, akakaa bila kusalimia. Octave akiacha kusalimia, ujue kuna jambo.

— Ndugu Octave, kuko nini? Abdallah akamuuliza, huku akimmiminia kahawa.

— Kuko mustari. Kisulisuli anakuja kuchukua motokari sasa hivi, na mustari miye sijapaka.

Kisulisuli ndilo jina tulilompa mzungu mnunuzi wa pamba, ingawa hakuna aliyepata kumtajia mwenyewe. Ana gari la milango miwili, la kukimbia tu, halibebi hata gunia moja. Miezi mitano nyuma alilikimbiza njia ya Kabambare mpaka motere ikapasuka, akaletwa Kasongo akivutwa na lori la watu. Octave aliifungua motere yote ikawa vyuma mezani, akaifunga upya, akaitia nguvu kuliko ya zamani. Sasa mbele ya usukani mna saa yenye mshale, inayohesabu motere inazunguka mara ngapi kwa dakika. Kioo cha zamani kilikuwa na mstari mwekundu kwenye elfu tano na mia tano: mshale ukifika hapo, dereva aondoe mguu. Kioo hicho kilivunjika. Kipya kimekuja kitupu.

— Ameniambia hivi, Octave akasema. «Weye ndiye ulifunga motere, weye ndiye unajua nguvu yake. Paka mustari, mimi sitauvuka.» Kisha akasema: «Na weye utakaa kando yangu mpaka Kabambare.»

Kilometa akasahau kikombe mdomoni.

— Rudia pale kwa kuvuka.

— Amesema hatauvuka.

Sisi wa Kasongo tumeijua mistari tangu tuzaliwe, lakini yote imechorwa na wao kwa ajili yetu. Shamba la pamba liishie hapa. Usiku usipite barabara ile kwenda kwa wazungu. Bila karatasi usiende kijiji cha pili. Leo mtoto wa hapa hapa ameshika burashi, na mzungu ndiye anayengoja kuambiwa mwisho wake. Hata Abdallah, ambaye hashangai upesi, alitua birika chini.

— Weka elfu sita! Kilometa akapata sauti. Motere ikifungwa upya, kilometa zake zinarudi sifuri. Iko kijana tena. Unamupa kijana mustari wa muzee?

— Sita ni nyingi, ndugu, Abdallah akasema. Miye kahawa yangu naiondoa motoni kabla povu halijafika mdomo wa birika. Nikingoja lifike, limekwisha kumwagika.

— Kahawa haina vitesi, haina gia za kubadilisha.

— Lakini ina mutu wa kuiangalia. Motere haina mutu ndani.

Lukumani akacheka kwa dharau.

— Nyinyi hamujaona nguvu. Pale kwenye masuwa, saa ya mvuke ilikuwa na mustari wake. Siku moja kapiteni alikuwa na haraka ya kufika Nyangwe, akasema tuupite. Tukatia kuni! Masuwa ilitoka ndani ya maji, ikapita juu ya fungu la muchanga, samaki wanatuangalia kutoka chini. Hata nguo hazikulowa.

— Nguo za nani? nikamuuliza. Maana benchi hili limebeba uongo mwingi, lakini lina kiasi chake.

— Za abiria wote, kaka Grégoire. Na kuku.

— Hiyo ni ndogo, Kilometa akasema. Motere ikipita elfu saba inaanza kuzunguka nyuma. Musicheke! Miye nimeona kwa sinema, Stanleyville, kwa macho haya. Gari linaenda mbele, magurudumu yanarudi nyuma. Mbio ikizidi, chuma kinachoka kwenda mbele.

— Kwa hiyo Octave atafika Kabambare kabla ya kutoka hapa, Abdallah akasema.

— Ndiyo maana nasema asipite sita!

Tulicheka wote isipokuwa Octave. Alikuwa anazungusha kikopo cha rangi kati ya viatu vyake. Nilimwona anaogopa, nami nikaona aibu ya kucheka.

Hapo mama mmoja mgeni akasimama mbele yetu na kikapu cha unga wa muhogo kichwani. Akaomba maji. Akasema jina lake Clémentine, ametoka upande wa Kabambare kwa miguu, siku ya tatu hii. Nikampisha, akakaa, akanywa, akatutazama usoni mmoja mmoja.

— Baba zangu, mbona huyu amenuna hivi?

Octave akamweleza, na alimweleza vizuri kuliko alivyotueleza sisi. Akachukua kikombe cha Abdallah akakigeuza.

— Ndani ya motere, mama, kuko vitu kama kikombe hiki, vinaitwa pistoni. Kila kimoja kinapanda na kushuka ndani ya tundu lake. Kimefungwa kwa mukono wa chuma, biele. Mushale ukiwa kwa elfu tano, kinapanda na kushuka mara elfu tano kwa dakika.

Kilometa alishika kidole chake akahesabu, midomo inacheza.

— Mama, ukisema «moja» tu, kimekwisha kupanda mara makumi munane na tatu.

— Mungu wangu, mama Clémentine akasema polepole. Moja… Akafumba macho, kama anayejaribu kuona zote themanini na tatu zikipita. Na sisi tukajaribu naye. Tumeishi na motere miaka yote hii zikipita mbele ya benchi letu, na mimi sikuwahi kufikiri kitu kinachofanyika ndani yake. Nilipofikiri, kichwa kiliniwia kizito.

— Miye ninatwanga muhogo tangu nikiwa mudogo, akasema. Kutwanga mbio, kupiga chini hakuumizi mukono, kinu kinapokea. Kunakoumiza ni kule juu. Mutwango unataka kuendelea kuruka, na weye unaushika, unaurudisha. Sasa hii pistoni yenu, ikifika juu, nani anaishika?

— Inagonga juu, Kilometa akasema.

— Hapana, haigongi kitu, Octave akasema. Ikigonga, motere imekufa.

— Basi nani?

Octave alikipandisha kikombe mkononi mwake, akakishusha, akakipandisha tena.

— Biele, akasema mwisho. Iko biele peke yake. Inaivuta irudi. Kisha akatuangalia. Na biele ya tatu hapana mupya. Ya Ulaya haikufika, nimenyoosha ile iliyopindika. Kisulisuli anajua. Nimeigonga na nyundo, imelia vizuri. Nimeipaka petroli na chaki, sikuona ufa. Lakini nilikuwa nawaza tu inavyosukumwa. Sikuwaza inavyovuta, na mbio ikizidi inavuta zaidi.

Akasimama, akaenda garajini, sisi nyuma yake, hata mama Clémentine. Akawasha motere, akaipandisha taratibu, mshale ukatambaa mpaka elfu nne na mia tano, akaushika hapo. Sauti ilijaa kifuani kwangu. Lukumani alifumba macho, akaitafuta kwa koo mpaka akaipata. Octave akazima, akapaka mstari palepale mshale ulipofika.

— Atasema ni mustari wa kikongwe, Kilometa akanong'ona.

— Atasema akiwa muzima, Octave akajibu.

Kisulisuli akafika, akainama kuangalia saa. Akakunja uso.

— Chini hivi?

— Ndiyo, Bwana. Hapo.

Mzungu alimtazama Octave, Octave hakuinamisha macho. Wakapanda wote wawili. Vumbi likatufunika, sisi tukarudi benchini tunakohoa.

— Sasa, mama Clémentine akasema, akijipangusa. Yule muzungu, akifika kwa mustari, nani anamushika?

Octave alikuwa na burashi tu, mguu ni wa mzungu.

Lukumani akaanza kuishika kwa koo ile sauti ya elfu nne na mia tano. Gari lilikuwa linapita misheni. Tulilisikia likipanda, linabadilisha vitesi, linashuka, linapanda tena. Kisha likafika kwenye njia ile iliyonyooka, tuliyojua wote kwamba ndipo alipopasulia motere mara ya kwanza. Sauti ikapanda. Ikapanda. Mama Clémentine alishika mkono wangu, hata sikujua lini. Ikapanda mpaka ikakutana na koo la Lukumani, zikawa sauti moja, na hapo tukangoja ivuke.

Haikuvuka.

Lukumani aliishiwa pumzi akaacha. Ile nyingine ikaendelea peke yake, palepale alipoiacha, haikuongeza wala haikupunguza, ikaenda ikififia nyuma ya miti.

— Amesimama? mama Clémentine akauliza.

— Hapana, mama, Lukumani akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Iko anaenda. Lakini hajavuka.

Abdallah akainua birika atumiminie. Lilikuwa tupu, na hakuna aliyeondoka.