Msilishushe Gari la Hulda

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haiwezi tena kuwafuata mlipo. Wewe Uatokuja, mwanangu wa kuzaa, kaa hapa kuumeni unishike mkono. Na wewe Muniovita Tjambiru, mwana wa dada yangu Albertine, usisimame mlangoni kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi, kaa hapa kushotoni. Emma, mke wangu, zima hiyo redio. Ndugu yangu Fanuel amesafiri kutoka Warmquelle ili awe shahidi, basi na asikie, kesho asitokee mtu akasema mzee Gottlieb Rutjindo alikuwa akiweweseka. Homa ninayo, lakini akili yangu ingali nyumbani.

Naanza na mifugo, kwa kuwa hiyo haina maneno mengi. Ng'ombe wa moto mtakatifu wanafuata njia ya baba, ni wa Uatokuja, pamoja na moto wenyewe, ambao baba yangu Josafat Rutjindo aliupokea kwa baba yake, naye hakuuacha uzimike hata mwaka ule wa ukame ambapo wengine walihama wakabaki yeye na punda wawili. Ng'ombe wengine wanafuata njia ya tumbo, yaani upande wa mama, ni wa Muniovita, kwa kuwa ndivyo tulivyoikuta desturi na sioni sababu ya kuibishia nikiwa nimelala chali. Emma asisumbuliwe katika nyumba hii, wala mbuzi wake wasihesabiwe na mtu. Cherehani ya marehemu binti yetu Hulda ni yake pia. Haikupata hata mkwaruzo siku ile gari lilipopinduka naye, na mimi kila nikiitazama huona ajabu kwamba chuma kile kizito kilitoka kizima.

Limebaki gari, lile alilokuwa akiliendesha Hulda. Naona mnatazama sakafu. Inueni nyuso, nimekuja kwenye neno lenyewe.

Uatokuja, nimesikia kwamba ukishanizika utakwenda Walvis Bay kutafuta kazi kwenye meli za samaki, na kwamba umeapa hutashika usukani wala spana maishani mwako. Muniovita, nimesikia kwamba gari likishakuwa lako utalisukuma hadi korongoni na kulichoma moto. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa hiyo nyumba yangu itakuwa na moto usio na mtu wa kuuchochea, na korongo lenye gari lililoungua, na binamu wawili wasioamkiana. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Kifo nimekwisha kukizoea.

Mlikuwa watani nyinyi, na watani wa kweli. Gari lile dogo lilipokuwa bado fupi, tumbo lake likigonga kila jiwe la mto tunaouvuka kwenda makaburini, Muniovita alikuwa akisema, "Binamu, gari lako linatambaa kama mtoto, litatembea lini?" Nawe, Uatokuja, ukaagiza springi ndefu na matairi makubwa, ukalinyanyua kwa jeki pale nyuma ya zizi, na ulipomaliza tulitoka sote kulitazama. Muniovita akazunguka mara moja akasema, "Sasa limevaa viatu vya harusi. Litafutie bwana harusi." Hulda alicheka hadi akaketi chini na gauni lake refu, kilemba chake chenye pembe mbili kama za ng'ombe kikaenda upande.

Lakini usukani ulikuwa umepinda. Gari likienda wima, usukani unatazama kando. Hulda ndiye aliyekuambia, nami nilikuwepo: "Kaka, usukani wako una makengeza. Ninyooshee, sitaki kwenda Opuwo kupeleka nguo za watu nikiwa na gari linalonitazama kwa jicho la pembeni." Nawe kwa kumpenda dada yako ukauchomoa usukani kwenye mti wake, ukaurudisha ukiwa wima, ukamwambia, "Haya, dada, kengeza limepona." Sote tukaridhika. Usukani ulikuwa umenyooka na hakuna aliyeuliza zaidi.

Kuna jambo hulijui, Uatokuja, na Muniovita analijua. Muniovita, usiinamishe kichwa, sikuiti mahakamani. Wiki moja kabla ya msiba ulikwenda na Hulda kuchukua unga, naye mwenyewe alinisimulia jioni ile huku akinimiminia maziwa ya mgando. Mlipita kwenye makunyanzi ya barabara, magurudumu ya mbele yakaanza kucheza kushoto na kulia, ukamwambia, "Binamu, gari linasikia muziki," mkacheka, naye akapunguza mwendo, likatulia. Hukumwambia mtu. Ulidhani ni utani wa gari, nami pia nilidhani hivyo. Na mara ya pili halikutulia. Mama Veisiua, aliyekuwa anachunga mbuzi kando ya barabara, aliniambia kwamba magurudumu yalikuwa yakitikisika kama kichwa cha ng'ombe mwenye kupe masikioni, kisha gari likalala ubavu, likaendelea kulala.

Kisha pale kaburini, watu wote wakiwepo, Uatokuja akiwa ameshika sepetu, ulimwambia, "Fundi, nyoosha na kaburi lake." Utani ni haki yako, hata msibani mtani hutania. Ule haukuwa utani. Tangu siku hiyo sijasikia hata mmoja wenu akimchokoza mwenziwe, na nyumba isiyo na utani, wanangu, ni kama zizi lisilo na kengele shingoni mwa ng'ombe. Hujui kama wamo au wameibwa.

Mniinue kidogo. Hapo. Ahsante, Emma.

Nilimwita Josef Gaseb, yule fundi Mdamara wa Khorixas. Mlidhani amekuja kununua vyuma chakavu. Alilala chini ya gari lile asubuhi nzima, mbuzi wakimlamba viatu, akatoka akaniambia, "Mzee Gottlieb, kijana wako hakuharibu kitu. Alianza kazi akaishia katikati." Nikamwambia anieleze polepole, kwa kuwa nataka kuyabeba maneno hayo bila kuyamwaga, naye akanieleza, na sasa nayatua mikononi mwenu.

Ukinyanyua mwili wa gari, ile mikono miwili mirefu inayoshika ekseli ya mbele huinama, nayo ekseli huviringika kidogo mbele. Magurudumu yaliumbwa yaegemee nyuma, mfano wa mtu anayevuta ng'ombe mbishi kwa kamba. Yakiegemea hivyo, ukikata kona ukaachia usukani, yanarudi yenyewe kwenye njia. Springi zile zilikula ule mwegemeo. Usukani ukawa mwepesi, nasi tukausifia wepesi wake, kumbe ulikuwa hauna mahali pa kurudi. Dawa yake ni bushi, vile vipande vya mpira vya mviringo, ambazo matundu yake hayakutobolewa katikati. Ukizitia kwenye ile mikono, ekseli inaegemea tena nyuma. Angalieni tu zisitiwe juu chini, la sivyo mtaongeza ugonjwa.

Tena kuna fito la chuma linalokwenda kutoka fremu hadi ekseli, upande hadi upande. Gari likinyanyuliwa, fito lile linasimama mno, linaivuta ekseli yote upande wa dereva. Gaseb alinionyesha kwa dole gumba: gurudumu moja limetoka nje, jingine limeingia ndani. Fito refu zaidi litairudisha katikati. Na fito la usukani nalo limesimama mno, hivyo kila shimo linauvuta usukani bila idhini ya dereva. Mafito hayo mawili sharti yalale kwa mteremko mmoja, kama mafahali wawili wa nira moja. Mmoja akiinua shingo na mwenziwe akiinamisha, hakuna jembe linalokwenda. Mtazame na mpira wa breki, umevutwa kama kamba ya kuanikia nguo. Upo mrefu zaidi.

Na usukani, Uatokuja. Usiuguse usukani. Lile sanduku la usukani lina katikati yake, na hapo tu ndipo linapobana. Ukiliacha liende upande, linabaki na ulegevu, na ulegevu ule ndio uliompa yule shetani wa magurudumu nafasi ya kucheza. Urudishe usukani ulipokuwa, na makengeza yake, kisha ulale chini uzungushe lile fito la usukani hadi makengeza yaishe kutoka huko yalikoanzia. Gaseb alisema mafundi wengi wakubwa huanzia juu kama wewe. Nami nakwambia, hukumuua dada yako. Alikuomba kitu ukampa. Nimelisema mbele ya mama yako na mbele ya baba yako mdogo Fanuel, na mtu akilisema vinginevyo baada yangu, amenikanusha mimi kaburini.

Muniovita, nakuona unafungua mdomo. Najua unachotaka kusema, ulikwisha kumwambia Emma: "Mjomba aturuhusu tulishushe lirudi kama zamani, yaishe." Hapana. Msilishushe. Mawe ya mto yangali pale, hayakufa na Hulda. Sisi tulikuwa na haja ya kunyanyua gari na haja hiyo bado ipo. Wazee wetu wamelala ng'ambo, na Hulda amelala nao, na mimi nakwenda huko. Mkilishusha mtanibeba juu ya punda, au mtanizika huku kama mtu asiye na kwao. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtungi haupasuliwi kwa hasira ya maji.

Kwa hiyo hili ndilo agizo. Chini ya kitanda hiki kuna gunia la unga, ndani yake mna bushi, na fito, na mpira wa breki, vyote Gaseb alivileta. Gari ni la Muniovita, kwa njia ya tumbo, wala silibadili. Lakini Muniovita haliwashi mpaka Uatokuja aseme limekuwa tayari, na Uatokuja hasemi limekuwa tayari mpaka Muniovita awe amelala naye chini yake. Kazi hii haina mtu mmoja: mmoja anashika usukani juu, mwingine anazungusha fito chini, na sharti wasemezane, "leta kidogo, rudisha, hapo." Mwanzoni semezaneni hayo tu. Nami sitadai zaidi. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Mimi nawapa spana, maana ardhi yetu hailimiki.

Mkimaliza, lipelekeni kwenye uwanda mweupe wa chumvi, mahali pasipo jiwe wala mbuzi. Uatokuja ndiye atakayeliendesha. Usitikise kichwa. Wewe. Muniovita akae ubavuni pako, mahali pa Hulda... pale alipokaa yeye Muniovita siku ile ya muziki. Ongeza mwendo, kata kona, kisha uachie usukani, mikono yote miwili. Usukani ukirudi wenyewe, basi njooni mnichukue. Usiporudi, mimi nitangoja. Maiti haina haraka.

Maji. Emma, nipe maji kinywani, si ya kunywa... Inamisheni vichwa, wote wawili. Nawapulizia maji haya kama alivyonipulizia Josafat Rutjindo. Ng'ombe wenu wazae. Midomo yenu isikauke. Moto usizimike, Uatokuja, asubuhi na jioni, hata kama ni kijinga kimoja tu chini ya majivu... Hulda Rutjindo, binti yangu, naja, niwekee nafasi kivulini.

Nani ananong'ona? Wewe, Muniovita? Sema kwa sauti, nisikie.

"Nimesema, binamu ana mikono ya kukamua mbuzi, si ya kuzungusha fito."

Haya... haya. Na wewe mjibu. Mjibu, mwanangu, usilie. Mjibu.

"Na yeye ana tumbo, baba. Hataenea chini ya gari."

Vema. Fanuel, umeyasikia hayo? Yaweke pamoja na mengine...

Baridi inapanda miguuni. Msiwashe taa. Uatokuja, bado umenishika... umenibana mno, mwanangu, kama mtu anayeogopa gari. Legeza. Legeza kidogo... hapo.

Sasa achia.