Mama Rudia Aweka Chaki Chini, Nasi Tunashusha Pumzi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Novemba, mwalimu wetu wa hesabu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi katika shule moja, na kwa sehemu kubwa katika chumba kimoja: kile cha mwisho upande wa barabara, chenye dirisha lisilofungika. Siku hiyohiyo sisi, darasa lake la mwisho, tunahitimu. Kamati ya mahafali ilipotuomba tumwandikie wasifu tulikubali upesi, kwa kuwa hii ni kazi yetu ya kwanza ambayo hataisahihisha. Tunavyomjua, huenda akaisahihisha.

Mjini anaitwa Mama Rudia. Ukimpelekea jibu, liwe sahihi au liwe kioja, alikuwa na neno moja tu: "Rudia." Alama ya vema huioni mpaka ulifanye swali upya kwenye karatasi safi na kufika palepale. Alisema anayejua njia huipita mara mbili, ila aliyebahatisha hupotea mara ya pili. Siku yetu ya kwanza shuleni, miaka minne iliyopita, mwenzetu mmoja aliulizwa saba mara nane. Akajibu vizuri, akaambiwa arudie, akabadili jibu, kisha akalia.

Kumkwepa haikuwezekana. Mji wetu ni mdogo: ukipiga chafya stendi, sokoni wanakuombea afya. Ukikosa kipindi Ijumaa, Jumamosi alikukuta kwenye nyanya na kukudai jibu la swali la nne mbele ya mama yako. Mama zetu hawakututetea, maana wengi wao walipita mikononi mwake. Hata fundi mageti wa ng'ambo ya barabara ni mwanafunzi wake wa zamani. Kelele za mashine yake zilipozidi, mwalimu alisimama dirishani akamtazama tu, na mashine ikazimwa.

Sasa tuseme lililotupata. Katika mtihani wa majaribio tulifanya kosa ambalo wanafunzi wake tu ndio wangeweza kulifanya. Tulimaliza swali la kwanza, tukalikata, tukalirudia. La pili vivyo hivyo. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Mikono ilijiendea yenyewe. Msimamizi aliposema kalamu chini, tulikuwa hatujafika hata nusu. Tukafeli darasa zima, na hesabu ni somo la lazima: ukilikosa, cheti hupati.

Aliyeumia zaidi ni mwenzetu tunayemwita Shangazi, kwa sababu ni mkubwa kwetu na hutushauri bila kuombwa. Aliacha shule ili awalee wadogo zake mama yake alipougua. Mama alipopata nafuu alimrudisha, akamwambia, "Mwanangu, nitajikaza mwaka huu mmoja. Zaidi ya hapo sitaweza." Shangazi ndiye kinara wetu wa hesabu. Kila alichojibu kilikuwa sahihi, ila kurasa za mwisho zilikuwa nyeupe.

Kesho yake mwalimu aliingia bila chaki, akaketi kwenye dawati kama mmoja wetu. "Wanangu, kosa ni langu," alisema. "Nilidhani nawafundisha umakini, kumbe nawafundisha kutojiamini."

Shangazi akainuka kumtetea. "Hapana, mwalimu, sisi ndio tuliozembea."

"Kaa, mama," akamjibu. "Hukuzembea hata kidogo. Hiyo ndiyo shida."

Muhula uliofuata yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Tulitakiwa kumaliza swali, kusema "nimemaliza" kwa sauti, na kuendelea na linalofuata. Alisimama nyuma yako, na ulipomaliza ulimsikia akivuta pumzi aseme lile neno lake, kisha akiziba mdomo kwa kifutio cha ubao. Siku nyingi alitoka darasani na masharubu meupe ya vumbi la chaki. Mazoea yana taabu, na ya kwake yalituzidi umri. Shangazi naye alishindwa kuacha kukata majibu, hadi mwalimu akamkalisha mbele na kuushika mkono wake wa kulia kila alipomaliza swali, wakiwa wamekaa hivyo kama mtu na mgonjwa wake.

Siku ya mtihani wenyewe, walimu wa somo hawakuruhusiwa kuwepo shuleni. Wetu alikaa kwenye benchi la fundi mageti asubuhi nzima. Fundi anasema hata chai aliyopewa hakuinywa. Alilikodolea macho dirisha letu tu. Mashine haikuwashwa mpaka tulipotoka.

Matokeo yalifika wiki iliyopita. Tulikuwa tumejazana uwanjani, roho mkononi, mkuu wa shule alipotoka barazani na kusema, "Hesabu, wamefaulu wote."

Mwalimu akamtazama Shangazi, akauliza kwa sauti ndogo, "Na binti yangu?"

"Mwalimu, wote ni wote."

Tulipiga kelele mpaka watu wakatoka madukani. Yeye hakupiga kelele. Aliketi kwenye ngazi, akavua viatu, akacheka, na machozi yakimtoka akamwita Shangazi. Kisha tukawaona wakitoka getini wameshikana mikono, mwalimu wetu yuko peku, viatu mkononi, wakienda haraka kwa yule mama aliyesema hawezi zaidi.

Mwalimu, ahsante. Ulikuwa na miaka thelathini ya kujisifia, ukakubali kubadilika katika ule wa mwisho kwa ajili yetu. Sisi tumepona, nawe umepona. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua liwe kali, na siku zako ziwe njema, mama, na ziwe nyingi.