Divai Tuliyomsifia Baba

Watawa wapendwa, ndugu, jamaa na majirani, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, na mama ameniagiza asubuhi hii nisiyasome nusu nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi zilizo chini ya ukuta wa monasteri hii, akiwa mtoto wa tatu wa fundi mapipa na mkewe. Alisoma shule ya msingi ya watawa kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, ambako, kwa kauli yake mwenyewe, hesabu zilimpiga chenga, ila kengele ya kwenda nyumbani hakuwahi kuikosa.

Mwaka 1966 aliajiriwa kuosha mapipa katika ghala la chini ya kanisa, ambamo watawa wametengeneza divai kwa karne nyingi. Alikuwa na pua ya ajabu, akiinamia tundu la pipa anakwambia zabibu zimetoka mteremko gani na kama zilichelewa kuchumwa, ndiyo maana mlima mzima ukamwita Pua, na tarehe 1 Agosti 1983 abate, mkuu wa monasteri, akamfanya fundi mkuu wa divai, mtu wa kwanza asiye mtawa kushika nafasi hiyo.

Tarehe 7 Mei 1977 alifunga ndoa katika kanisa hili na mama yetu, mshonaji wa majoho ya watawa, wakajaliwa watoto watatu, mimi, mdogo wangu ambaye ni muuguzi, na kitindamimba wetu wa kiume, aliyekuwa akiandaliwa kurithi kazi ya ghalani, na ambaye hakukanyaga nyumbani tangu mwaka 2020 hadi jana jioni.

Februari 2018 baba aliugua mafua makali, akapona, lakini pua haikurudi, wala ulimi haukuonja tena ladha, tukalijua hilo siku maharage yalipoungua hadi yakawa makaa naye ameketi kando ya jiko akisifia utulivu wa nyumba. Alituomba sisi wa nyumbani tuwe pua yake, tuonje kila pipa na tumwambie ukweli hata kama unauma. Divai ya mwaka ule ilichacha, nasi tukamwambia ni nzuri, kwa kuwa tulimpenda na hatukuwa na moyo wa kumwona akikabidhi funguo. Abate alijua akanyamaza, divai ya altare ikanunuliwa kwingine kimyakimya, na kila siku ya kufungua pipa, ambapo kwa desturi ya hapa mtawa mzee kuliko wote hupewa kikombe cha kwanza na kukifudikiza mezani kama divai haifai, mtawa wetu alimeza siki yote, machozi yakimlengalenga, baba akidhani ni furaha.

Tarehe 11 Novemba 2020 kitindamimba wetu, ambaye kwa miaka miwili alitusihi tuseme kweli, alikichukua kikombe mkononi mwa mtawa, akakifudikiza mbele ya watu wote, akasema baba, hii imeharibika, hawa wanakudanganya. Baba akatuuliza mmoja mmoja, mama akasema ni nzuri, mdogo wangu akasema ni nzuri, mimi nikasema ni nzuri kushinda ya mwaka jana, watawa wakaangalia chini. Hapo baba akamnyang'anya mwanawe ufunguo wa ghala, akamwambia asimwite baba tena.

Aprili mwaka huu baba alianza kuvimba miguu, ikagundulika ni figo, akalazwa, na tarehe 3 Juni 2024 akafariki mama akiwa amemshika mkono. Akiwa wodini aliuliza kama yule mwongo amejirekebisha, nasi tukamjibu tutaongea ukipata nafuu. Nafuu haikuja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotuletea kuni na viti, na wenzake wa ghalani waliobeba jeneza kwenye ngazi zile za mawe.

Nawe mdogo wetu, uliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango, mama anaomba uje mbele ukae kando ya baba yako, kwa maana tunatamka leo, mbele ya wote waliokuwepo siku ile, kwamba divai ilikuwa siki, wewe ulisema kweli, na waongo tulikuwa sisi.

Baba, tumekwambia ukiwa huwezi tena kumwita mwanao. Tusamehe, na upumzike kwa amani.