Mzee Mlango Anaondoka, Mlango Ulishafungwa

Baada ya miaka kumi na saba kwenye chumba cha mitambo, Mzee Mlango anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike jambo la kufurahisha. Nimejitahidi.

Alipoajiriwa, programu yetu ya ujumbe ilikuwa na watumiaji wachache, wengi wao ndugu zetu tuliowabembeleza. Ndipo akajenga mlango: mtambo unaofuata kanuni za wazi, zile ambazo kampuni yoyote inaweza kuzitumia bila kumpigia mtu magoti, ili ujumbe utoke kwetu uingie programu nyingine na majibu yarudi. Matangazo yetu yakajigamba kwamba kwetu huulizwi rafiki yako anatumia nini. Watu wakamiminika.

Kila asubuhi aliupima mlango kwa njia yake. Alimwandikia dada yake mkubwa, mshonaji anayetumia programu nyingine na asiyetaka hata kusikia ya kwetu: "Shikamoo dada." Likirudi jibu "Marahaba, umekunywa chai?" tulijua mambo shwari. Mhasibu alikuwa akimtania kwamba ndiye pekee hapa anayelipwa kwa kusalimia. Kuna siku dada alimnunia kwa kutofika kwenye harusi ya mwanawe, akakaa kimya makusudi. Mafundi watatu walishinda wakifungua mitambo isiyo na kasoro yoyote, wakitafuta hitilafu.

Tukakua. Tulipokua, wakubwa wakagundua kwamba mlango ulioingiza watu unaweza pia kuwatoa. Wakaamua ufungwe, kwa ajili ya usalama wa mteja. Mzee Mlango akauliza ni mteja yupi aliyelalamika. Meneja akamjibu kwa upole kwamba mzee wangu, umebakiza mwezi mmoja tu, ya nini kujichosha. Alipinga katika kila kikao, na kila kikao kikamshukuru kwa mchango wake. Mwishowe akaombwa aufunge mwenyewe, maana hakuna mwingine anayeujua ulivyo.

Aliufunga Jumatatu iliyopita. Kesho yake asubuhi akaandika salamu zake kama kawaida, akaketi akiitazama simu. Safari hii hakuna fundi aliyenyanyuka.

Kampuni itamkabidhi simu mpya, programu yetu ikiwa imeshawekwa ndani. Sherehe ni saa nane mchana, ukumbi wa chakula. Mialiko ya ndugu zake imetumwa na watu wa utumishi kupitia programu yetu hiyohiyo, dada akiwa wa kwanza. Mpaka naandika haya, utumishi wanalalamika kwamba wote wamethibitisha isipokuwa yeye, na wanauliza kama kiti chake apewe mtu mwingine.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote uliyotufanya tufikike. Pumzika vyema, uishi kwa afya na amani. Na dada utusalimie, ukifika kwake. Kwa mdomo.