Mama Bandi, Fundi Aliyetunza Ini la Mdogo Wake

Ndugu, majirani, na nyinyi wateja mliofika leo mkiwa mmevaa nguo alizowashonea, huyu tunayemsindikiza alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, kifungua mimba wa fundi seremala na mkewe. Nyuma yake alifuata mtoto mmoja tu, wa kiume, na kuanzia hapo akawa na mtu wa kumwamrisha.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo cha polisi, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake. Huko ndiko alikoitwa Mama Bandi, hata kabla hajazaa. Bandi ni ule uzi wa muda unaoshikilia kitambaa mpaka mshono wenyewe upite, na mafundi wengi huuruka kwa haraka zao. Yeye hakuuruka, wala hakuufumua mpaka mwenye nguo aivae, akae, ainue mikono. Mteja akinung'unika, aliambiwa: "Mwanangu, nguo ikikufumukia mbele za watu, utamtaja nani?"

Aliolewa mwaka 1981 na fundi saa wa duka la jirani, ambaye alikuwa akileta suruali ile ile ipunguzwe, wiki baada ya wiki. "Kaka, sema unachotaka kabla hujabaki na kaptula," akamwambia. Akasema. Walijaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 2011 macho yake yaligeuka manjano. Virusi vya homa ya ini, vilivyoingia mwilini bila kubisha hodi, vilikuwa vimelimaliza ini lake, na ilibidi apandikizwe jingine. Mdogo wake, dereva wa lori, akajitolea akatwe sehemu ya lake. Dada mtu akakataa katakata: lori haliendeshwi na mgonjwa, na watoto wake atawalisha nani?

"Dada, umenikata maini kwa maneno tangu utotoni," akamjibu. "Mwache na daktari naye akate."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Pale mfereji wa nyongo wa ini jipya ulipoungwa na ule wa kwake, daktari aliacha ndani mrija mwembamba wa plastiki, stenti, ili nyongo ipite na maungio yapone bila kuziba. Akamweleza kwamba baada ya miezi michache ungetolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni.

"Kumbe ni bandi," akasema. Daktari alipoelezwa bandi ni nini, akakubali.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku ya kuutoa ilipofika, hakwenda. Alihofia kwamba maungio yakiachwa peke yake yataziba, na kile kipande cha mwili wa mdogo wake kiozee ndani yake. Akaahirisha, akaahirisha tena, mpaka mrija wenyewe ukaziba, homa ikapanda, na mambo yakatumbukia nyongo kwa maana zote mbili. Mdogo wake akamkuta kitandani, shuka hadi kidevuni.

"Kwa nini hukwenda?"

"Bandi haifumuliwi mpaka nguo ijaribiwe."

"Na utaijaribu lini, dada, umelala hivyo? Hebu inuka uivae!"

Akambeba mpaka kwenye lori.

Mrija ule ulitolewa, ukawekwa mwingine, na huo wa pili ukatolewa kwa wakati wake. Maungio yakashika. Akarudi kwenye cherehani, na kwenye kuamrisha, kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka jana mfereji ulianza kusinyaa. Madaktari waliweka stenti nyingine, lakini maambukizi yakaingia kwenye damu. Katika siku zake za mwisho, mdogo wake alimuuliza kama lile ini halikumfaa.

"Koma kulitukana ini langu," akamwambia. "Hebu waangalie wajukuu waliojazana hapo mlangoni."

Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, mume na mdogo wake wakiwa kando yake.

Ameacha mume, mdogo wake wa kiume, watoto watatu na wajukuu watano. Wajukuu wote watano wamezaliwa baada ya upasuaji ule, na kila mmoja nguo yake ya kwanza alivishwa na bibi yake.

Apumzike kwa amani, na mdogo wake naye atulie moyo.