Msafiri Asiyepanda Basi

Benchi letu liko mtaani Gitega, mbele ya duka la Twahiru fundi nguo. Nasema letu ingawa mbao ni zake, misumari ni yake na kivuli ni cha bati lake. Sisi tunaleta maneno. Kiangazi kile cha mwaka tisini na mbili tulikuwa wanne wa kudumu. Twahiru mwenyewe tulimwita Sentimita, kwa sababu ya utepe wa kupimia ambao hautoki shingoni mwake hata akienda msikitini. Rutayisire, muuza nguo za chagua, yaani mitumba, alikuwa Radio, maana habari zake hufika kabla ya tukio. Mzee Eustache, karani mstaafu, alikuwa Minisita, yaani waziri, kwa jinsi anavyotaja wakubwa. Mimi natengeneza saa, kwa hiyo wananiita Saa Mbovu, jina ambalo sijalikubali mpaka leo. Asubuhi ninayoisimulia kahawa ya tangawizi ilikuwa inachemka kwenye jiko la Sentimita, na kila mtu alikuwa na furaha kwa sababu kadi ilikuwa imejaa.

Kadi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja ndogo ya minibasi, Kagoma, ilianzisha mtindo mpya. Kila ukikata tiketi ya safari ndefu kwenye stendi ya Nyabugogo, unataja jina lako, wanaliandika, na wanagonga muhuri kwenye kadi yako. Ikijaa mihuri, unapelekwa Kibuye bure, wewe na mwenzako, na mnalala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni iliyo ufukweni mwa ziwa Kivu. Gisenyi ndiyo yenye mchanga wa sifa, lakini siku hizo, kwa sababu ya vita, barabara ya kaskazini hakuna aliyeitamani. Sasa Sentimita, siku ya ndoa yao, alimwahidi mkewe Zayinabu kumpeleka kwenye mchanga wa ziwa. Watoto wamefika shule, na mchanga pekee aliouona mama wa watu ni ule wa kusugulia sufuria. Hilo lilimnyima Sentimita raha. Lakini yeye hasafiri, cherehani haimwachi. Basi sisi watatu tukakubaliana kwamba kila anayekwenda Butare aibebe kadi hiyo moja, aseme dirishani kuwa anaitwa Twahiru wa Gitega. Radio anafuata marobota ya nguo huko, Minisita ana binti aliyeolewa huko, na mimi napeleka saa za mapadri. Zayinabu hakuambiwa neno. Tulitaka ashtuke kwa furaha.

Radio: Dirishani wameniambia mkubwa wao Silvère, wa biro ya Muhima, ile ofisi yao, leo analeta bahasha yeye mwenyewe. Sentimita, sha, wewe sasa iko mtu wa konje, mtu wa likizo.

Sentimita: Usiku sikulala. Nitamwambia Zayinabu jioni hii, akimaliza kupika.

Minisita: Mwambie akiwa amekaa. Na msifikiri huu mtindo ni wa Kagoma. Wazungu wanao zamani. Mimi nilifanya kazi biro moja na Mbelgiji, alikuwa anapanda ndege, na kila kilometa wanamwandikia. Zikawa nyingi, wakampeleka baharini bure, yeye na mbwa yake.

Mimi: Na mbwa alikuwa na kadi?

Minisita: Ya kwake mwenyewe.

Radio: Basi sisi tumepoteza mihuri mingi. Kila safari nilikuwa na robota, na robota inakaa kiti cha mtu kabisa. Na yenyewe ingeandikwa Twahiru.

Mimi: Robota haijibu ikiulizwa jina.

Radio: Wewe kwani uliulizwa? Mimi nilitaja tu, wakagonga. Tena wangefanya hesabu ya kweli, mtu wa kiti cha nyuma angepata muhuri mbili. Kiti cha nyuma kinarushwa juu kwenye mashimo, halafu kinashuka. Kupanda na kushuka, ile yote ni njia. Mimi kufika Butare nimesafiri kama mtu wa Nairobi.

Minisita: Hapo unasema kweli rwose, kweli kabisa. Ni hesabu tupu.

Nilitaka kubisha, nikakuta nami huwa nakaa nyuma.

Sentimita: Mambo ya viti tuyaache. Chumba ni cha bure, lakini mtu hali chumba. Kule ufukweni nitamlisha nini mke wa watu?

Radio: Sambaza. Wale samaki wadogo wanauzwa asubuhi kwa bakuli, bei ya peremende. Unabeba jiko lako, unakaanga nyuma ya nyumba ya wageni.

Minisita: Moshi utawafukuzisha. Sikiliza mtu aliyekaa na wakubwa. Pale iko hoteli yenye viti vya kulalia. Unavaa kaputura nyeupe, unashika gazeti la Kifaransa, unalala kwenye kiti. Hakuna mtu anauliza mwenye gazeti kama amelipa. Ukikunja uso kidogo wanakuletea na maji.

Sentimita: Mimi sisomi Kifaransa.

Minisita: Gazeti si la kusoma, ni la kushika.

Sentimita akacheka, akainama chini ya cherehani, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Lilikuwa gauni la kuogelea alilolishona kwa siri: la buluu, mikono mpaka kwenye vifundo, suruali yake ndani, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Sijaona kazi safi namna ile. Radio alilishika mabegani akalinyoosha.

Radio: Zuri sana. Lakini akiingia nalo majini litajaa hewa, upepo utamsukuma mpaka Zaire, na pasipoti hana.

Sentimita: Nimefikiria. Nimeshonea vipande vya chuma kwenye pindo.

Mimi: Basi hafiki Zaire. Anafika chini.

Minisita: Ulimpima lini, kama ni siri?

Sentimita: Sikumpima. Miaka yote hii, mkono unajua wenyewe.

Nampenda Sentimita kwa maneno kama hayo, anayasema huku akitafuta sindano. Radio alikuwa bado amelishika gauni juu tulipomwona Zayinabu anakuja. Nyuma yake kulikuwa na mtu wa makamo mwenye tai na bahasha. Tukajua bila kuambiwa kwamba ndiye Silvère, mkubwa wa biro ya Muhima, na kwamba kabla ya kuja dukani alipitia nyumbani.

Silvère: Mzee Twahiru ni yupi? Hongera sana, mzee. Nimempa mama hongera zake, sasa natoa zako. Wewe ndiye msafiri wetu namba moja. Kila nikifungua karatasi: Twahiru, Butare. Twahiru, Butare. Hata mwezi wa Ramadhani hukukosa.

Zayinabu: Asalaam aleikum.

Tuliitikia kwa sauti ya watu wa msibani.

Zayinabu: Baba Hamida, nina swali dogo. Butare kuna nani?

Sentimita akafungua mdomo, akatazama bahasha, akaufunga. Nilielewa. Akisema kweli mbele ya yule mwenye tai, bahasha inarudi Muhima. Akinyamaza, mke anaondoka. Zayinabu naye hakuficha.

Zayinabu: Mimi naambiwa uko dukani, kumbe unapanda basi. Watoto nimewaacha kwa jirani. Nikitoka hapa bila jibu, nawachukua, tunakwenda kwa mama yangu.

Radio: Shemeji, alikuwa anafuata uzi.

Minisita: Daktari, mama. Anamwona daktari.

Walisema kwa pamoja, kila mmoja kwa uhakika wake.

Zayinabu: Uzi au daktari?

Mimi: Daktari ndiye anayeuza uzi.

Najua. Hata sasa nikikumbuka sentensi ile naficha uso. Zayinabu hakunitazama, alikuwa anatazama gauni mikononi mwa Radio.

Zayinabu: Na hilo ni la yule wa Butare?

Radio akaliweka kwenye benchi taratibu. Silvère alianza kuelewa kwamba hongera zake zimevunja kitu, akawa anaigeuza geuza ile bahasha. Benchi lenye jibu la kila swali, kuanzia mbwa wa Mbelgiji mpaka upepo wa Zaire, sasa lilikuwa linatazama viatu. Sentimita akasimama, akavua utepe shingoni.

Sentimita: Butare hakuna mtu. Mimi sijafika Butare maishani. Mara ya mwisho kupanda basi ilikuwa siku ya kukuleta wewe kutoka kwenu. Hawa watatu ndio wanasafiri, wanasema wanaitwa Twahiru, ili kadi ijae. Nilitaka nikupeleke ziwani. Nilikuahidi, na nimeona aibu miaka yote. Hilo gauni ni lako.

Silvère akaiweka bahasha mfukoni mwa koti.

Silvère: Mzee, ningependa nisingesikia. Lakini nimesikia.

Sentimita: Chukua tu. Haina kosa.

Roho iliniuma sana. Safari zote zile, mavumbi yote yale, yamekwenda kwa maneno machache. Lakini sura ya Sentimita ilikuwa imetulia kuliko asubuhi nzima. Zayinabu akatugeukia mmoja mmoja.

Zayinabu: Radio, wewe ulisema unaitwa Twahiru?

Radio: Mara nyingi, shemeji.

Zayinabu: Na wewe, mzee Eustache, na mvi zako?

Minisita: Nilisema, mama. Na nilijibu nilipoitwa.

Zayinabu: Saa Mbovu sikuulizi, wewe umeshasema ya kutosha.

Akaliokota gauni, akalipima mwilini juu ya kanga yake. Mabega yalikaa mahali pake, mikono ilikoma pale pale panapotakiwa. Aliponyanyua uso macho yake yalikuwa na maji ingawa sauti ilikuwa kavu.

Zayinabu: Bwana mkubwa wa basi, kadi mpya inaanza lini?

Silvère: Hata leo, mama.

Zayinabu: Andika Zayinabu. Na huyu mwandike kwa jina lake, lakini kwanza mtazame uso vizuri, usije kudanganywa tena. Ijumaa tunakwenda wote wawili.

Silvère: Kwenda wapi?

Zayinabu: Butare. Njia nzima kutoka nyumbani nimegombana na Butare, sasa nataka kuiona.

Sentimita: Mama Hamida, nitakwendaje? Mwalimu anataka suruali zake Jumamosi. Cherehani nitamwachia nani?

Zayinabu akaketi kwenye benchi, akachukua kikombe cha mumewe, akanywa kahawa iliyobaki. Halafu akatuonyesha sisi watatu kwa kidevu.

Zayinabu: Mwachie Twahiru. Wako watatu.

Radio alimtazama Minisita, Minisita akanitazama mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kutia uzi kwenye sindano.